Kusikiliza Okestra kwa Kusimama: Mwongozo wa Matamasha ya Proms

Matamasha ya Proms hufanyika London kila mwaka, kuanzia katikati ya Julai hadi katikati ya Septemba, na mengi yake hupigwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall. Kwa wiki nane hivi karibu kila usiku kuna okestra jukwaani: za BBC yenyewe, za miji mingine ya Uingereza, na wageni kutoka Berlin, Vienna, Amsterdam au Marekani. Viti vizuri vina bei ya viti vizuri, kama kwingineko. Lakini sakafu iliyo mbele ya jukwaa haina kiti hata kimoja, na anayekubali kusimama hapo hulipa pauni chache tu, ilhali yuko karibu na wapiga fidla kuliko tajiri aliyekodi chumba cha faragha ubavuni. Mwongozo huu unamhusu hasa msikilizaji huyo wa kusimama, kwa sababu mara nyingi ndiye anayeondoka na kitu cha kukumbuka.

Desturi ya kusimama ni ya tangu mwanzo. Robert Newman, meneja wa ukumbi wa Queen's Hall, alitaka watu wa kipato cha kawaida wauzoee muziki wa okestra taratibu: wapewe kwanza vipande vyepesi, kisha mwaka hadi mwaka waongezewe uzito. Tamasha la kwanza lilipigwa tarehe 10 Agosti 1895, likiongozwa na Henry Wood, kijana wa miaka 26. Kiingilio kilikuwa shilingi moja. Watu waliruhusiwa kula, kunywa na kuvuta sigara, ila waliombwa wasiwashe viberiti wakati mwimbaji anaimba. Fedha za kuanzia zilitoka kwa daktari wa masikio na koo, George Cathcart, aliyeweka sharti la ajabu kidogo: okestra ishushe kiwango cha sauti inachopatanishia ala zake, kwa kuwa kile kilichozoeleka Uingereza kilikuwa juu mno na, kwa maoni yake, kiliwaumiza waimbaji. Newman alikubali. BBC ilichukua uendeshaji mwaka 1927. Mei 1941 Queen's Hall iliteketezwa na mabomu ya Ujerumani. Sanamu ya kichwa ya Wood ilitolewa kwenye kifusi, na mpaka leo huwekwa jukwaani, nyuma ya okestra, msimu mzima. Mwaka huohuo matamasha yalihamia Royal Albert Hall, jumba lenye umbo la yai lililofunguliwa mwaka 1871.

Kuchagua usiku

Ratiba nzima hutangazwa miezi kadhaa kabla ya msimu, na kwa anayeisoma mara ya kwanza ni msitu wa majina. Njia nyepesi ya kuisoma ni kufuata umbo la usiku wenyewe. Tamasha la kawaida huanza na utungo mfupi wa dakika kumi hivi. Hufuata konseto, yaani kazi ambayo mpigaji mmoja wa piano, fidla au selo hujibizana na okestra nzima. Baada ya mapumziko huja simfonia, kazi ndefu ya okestra peke yake, ambayo kwa kawaida ina sehemu nne na huchukua kati ya nusu saa na saa moja. Simfonia ndizo za kutazamwa kwanza, kwa sababu ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya usiku.

Kwa anayeanza, uchaguzi salama ni Simfonia ya Tisa ya Dvořák, ile ya Dunia Mpya, iliyopigwa mara ya kwanza New York mwezi Desemba 1893. Nyimbo zake hushika masikioni upesi, na sehemu yake ya pili ina wimbo wa polepole, unaoanzishwa na ndugu mkubwa wa oboi, ambao watu wengi wameshawahi kuusikia bila kujua ulikotoka. Simfonia ya Tano ya Beethoven nayo inafaa. Boléro ya Ravel inafaa zaidi kwa asiye na subira: ngoma ndogo inarudia mdundo uleule tangu mwanzo hadi mwisho, wimbo unapokezanwa kutoka ala moja hadi nyingine, na katika robo saa okestra inakua kutoka mnong'ono hadi kishindo. Kazi mpya kabisa, zinazopigwa kwa mara ya kwanza duniani, zisiogopwe. Nyingi ni fupi, na hata zisipopendeza hakuna mtu mwingine ukumbini anayezijua, kwa hiyo mgeni na mzoefu wako sawa.

Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni kama kazi inalifaa jumba. Royal Albert Hall huchukua watu zaidi ya 5,000 chini ya kuba refu, na kwa karibu miaka mia moja ya kwanza ilisifika kwa mwangwi wake. Wenye mzaha walisema ni mahali pekee ambapo mtunzi wa Uingereza ana hakika ya kusikia kazi yake mara mbili. Mwaka 1969 visahani vikubwa vinavyofanana na uyoga vilitundikwa chini ya kuba ili kuvunja mwangwi huo, na hali ikawa nafuu. Hata hivyo jumba halikuacha kuwa kubwa. Simfonia za Mahler na Bruckner, misa ya wafu ya Verdi, kwaya za watu mia mbili: hizo hupumua vizuri humo. Okestra ndogo inayopiga Haydn huweza kusikika kana kwamba iko chumba cha pili, hasa kwa aliyekaa juu. Kanuni hii ina wa kuivunja. Mwaka 2015 Yo-Yo Ma aliketi peke yake katikati ya jukwaa lile pana na kupiga kazi za Bach za selo, mikusanyo yote sita, usiku mmoja, kwa zaidi ya saa mbili. Ukumbi mzima ulitulia ukamsikiliza.

Opera na kazi ndefu ziachwe hadi miguu izoee. Julai 2013 Daniel Barenboim na okestra ya Staatskapelle Berlin walipiga mzunguko mzima wa Ring wa Wagner ndani ya wiki moja, na waliosimama walilipa pauni tano kwa kila usiku. Sehemu ya mwisho pekee ina zaidi ya saa nne za muziki. Ilikuwa bei isiyo na mfano, lakini ilihitaji magoti imara.

Tiketi na foleni

Tiketi za viti huanza kuuzwa wiki nyingi kabla, na zile za okestra maarufu huisha haraka. Tiketi za kusimama zina utaratibu tofauti. Huuzwa asubuhi ya siku yenyewe kwa njia ya mtandao, na bei yake katika miaka ya karibuni imekuwa pauni nane. Kuna pia pasi za msimu mzima kwa wakazi wa London wenye kiu. Kwa sababu hiyo, msafiri anayepita London kwa siku mbili hana sababu ya kukata tamaa akiona viti vimekwisha. Anachohitaji ni kuamka mapema na kuwa na simu mkononi saa ya mauzo inapofika. Kwa usiku wa okestra kubwa kutoka nje, kuchelewa dakika chache kwaweza kutosha kukosa. Usiku wa katikati ya wiki wenye kazi zisizojulikana, tiketi huwapo hadi jioni.

Tiketi humpa mtu haki ya kuingia, wala haimpi nafasi maalumu. Nafasi hupatikana kwa foleni. Wanaotaka mstari wa mbele kabisa, wenye ukingo wa kuegemea, hufika saa nyingi kabla ya milango kufunguliwa. Asiyehitaji kugusa jukwaa anaweza kufika saa moja kabla akapata mahali pazuri. Foleni yenyewe ina faida ambayo wageni hawaitarajii: wanaosimama humo hujuana kwa miaka, wamesikia kazi hizo mara nyingi, na swali la mgeni kuhusu kiongozi wa okestra wa usiku huo hujibiwa kwa hotuba. Si kila hotuba ni ya kuaminiwa.

Kituo cha treni cha karibu ni South Kensington, na kutoka hapo ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa miguu. Hakuna sharti la mavazi. Suruali ya jeans na koti la mvua ni vya kawaida. Mizigo mikubwa hukataliwa mlangoni. Matamasha mengi huanza saa moja au saa moja na nusu jioni kwa saa za huko, ambayo ni saa tatu au tatu na nusu usiku Dar es Salaam na Nairobi, jambo la kukumbukwa na aliyeahidi kupiga simu nyumbani wakati wa mapumziko.

Kuandaa sikio

Kosa la kawaida la anayeandaliwa na marafiki wenye shauku ni kujaribu kusikiliza programu nzima kabla ya kwenda. Masikio hujaa, na jioni ikifika kila kitu kinafanana. Inatosha kuchagua kazi moja, ile ndefu, na kuisikiliza mara chache katika wiki iliyotangulia, hata wakati wa kupika. Lengo ni kuzijua alama chache za njiani, kama dereva anavyojua kona za barabara aliyoipita mara mbili.

Alama hizo ziwe za macho pia, kwa kuwa macho ndiyo yanayotofautisha ukumbi na redio. Katika Simfonia ya Tano ya Beethoven wapiga tromboni hukaa kimya sehemu tatu nzima, mikono mapajani, kisha huinua ala zao sehemu ya nne inapoanza. Aliyesikia kwenye kifaa anajua kwamba sauti imekua. Aliyewaona wakisubiri kwa zaidi ya dakika ishirini anajua kwa nini. Katika simfonia ya Dunia Mpya matoazi hupigwa mara moja tu kazi nzima, tena kwa sauti ya wastani, katika sehemu ya mwisho. Mpigaji huinuka, hupiga, huketi. Kumtafuta kwa macho kabla hajainuka ni mchezo mdogo unaofanya nusu saa ipite haraka, na ni nadra mtu kumsahau. Simfonia ya Tisa ya Beethoven inaiweka kwaya mbele ya watu kwa sehemu kubwa ya simfonia bila neno, mpaka sehemu ya nne. Misa ya wafu ya Verdi, kwa upande wake, ina tarumbeta zinazotakiwa kulia kutoka mbali na okestra, na katika jumba hili huweza kuwekwa juu kabisa, nyuma ya vichwa vya watu. Hakuna spika ya nyumbani inayoweza kumfanya mtu ageuke namna ile.

Mahali pa kusimama

Nafasi za kusimama ziko mbili, na tabia zake hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni Arena, sakafu iliyo mbele ya jukwaa. Hapo sauti hufika moja kwa moja kutoka kwenye ala, kabla kuba halijaichezea. Mtu husikia upinde ukishika uzi, pumzi ya mpiga filimbi, hata mguno wa kiongozi wa okestra. Mstari wa mbele kabisa una kasoro yake: fidla huwa karibu mno na baragumu huwa zimefichwa nyuma yao, kwa hiyo picha ya sauti hupinda. Aliyerudi nyuma hatua kumi au kumi na tano husikia okestra ikiwa imechanganyika vizuri zaidi, na nafasi ya kunyoosha miguu huwa kubwa. Usiku wa konseto ya piano, upande wa kushoto ndio wa kuchagua, maana vidole vya mpigaji huonekana kutoka huko. Wanaopenda selo na besi kwa kawaida huelekea kulia.

Nafasi ya pili ni Gallery, roshani inayozunguka chini ya kuba. Kutoka hapo wapigaji ni wadogo mno na sauti hufika ikiwa laini, imeungana, na imechelewa kidogo. Watu hutandika shuka na kulala chali. Wengine hufuata noti kwenye vitabu, wengine hutembea polepole. Kwa usiku wa joto, au kwa mwenye mgongo mbaya, Gallery ni bora kuliko Arena, na kazi za kwaya kubwa hupendeza sana huko juu. Lakini kwa usiku wa kwanza Arena haina mshindani.

Kuna uwezekano wa tatu kwa asiyeweza kusimama lakini hana fedha nyingi. Usiku ambao hakuna kwaya, viti vya wanakwaya vilivyo nyuma ya okestra huuzwa kwa watu. Mizani ya sauti huko ni ya kiajabu, ngoma kubwa za shaba zikiwa miguuni na fidla zikiwa mbali, ila mtu huuona uso wa kiongozi wa okestra usiku mzima. Wengi hawajui kazi yake ni nini hadi waione kutoka upande huo: jicho linaloinuliwa kidogo kabla oboi haijaingia, kiganja kinachowanyamazisha watu thelathini.

Mwili nao una madai yake. Ukumbi huo hupata joto kali Julai na Agosti, na watu wanaosimama wima bila kula huzimia. Chakula kiliwe kabla, maji yawe karibu, magoti yasikazwe, na viatu viwe vya kazi. Wakati wa mapumziko karibu kila mtu wa Arena huketi sakafuni, na hakuna anayeona ajabu. Peremende za kikohozi zitolewe kwenye karatasi zake mapema. Kila tamasha hurushwa moja kwa moja na BBC Radio 3, vinasa sauti vikiwa vimening'inia juu ya okestra, kwa hiyo mkwaruzo wa karatasi katika sehemu ya kimya huwafikia watu wengi kuliko waliomo ukumbini.

Makofi na ukimya

Kabla ya muziki, oboi hutoa noti moja ndefu na okestra nzima hujipatanisha nayo. Ikiwa kuna piano, noti hutolewa kwenye piano, na Arena hupiga makofi ya utani kana kwamba konseto imekwisha. Kifuniko cha piano kinapoinuliwa, watu wa chini hupaza sauti kama mabaharia wanaovuta kamba, na wa juu huwaitikia. Baada ya mapumziko wasimamaji hutangaza kwa pamoja kiasi walichochanga kwa ajili ya hisani. Mambo haya ni ya kitoto, na ndiyo yanayofanya ukumbi wa watu elfu tano usiwe na kiburi.

Muziki unapoanza, utani hukatika. Aliyekulia kwenye taarab, ambako fidla, selo na besi si vitu vigeni, na ambako msikilizaji huinuka kwenda kumtuza mwimbaji wimbo ukiwa katikati, huenda akauona ukimya huo kuwa wa kikatili. Kwa kawaida makofi hungoja hadi kazi nzima imalizike, wala si mwisho wa kila sehemu. Kanuni hiyo si ya kale kama inavyodhaniwa. Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris mwaka 1778 akifurahi kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfonia yake, mahali alipokuwa amepanga wafanye hivyo. Ukimya kati ya sehemu ulikuja kukazwa baadaye. Kwenye Proms makofi hutokea kati ya sehemu mara kwa mara, na anayeyapiga hajavunja sheria yoyote. Wachache watageuka kumtazama, basi.

Tahadhari ya kweli ni kwenye miisho ya kimya. Sehemu ya tatu ya Simfonia ya Sita ya Tchaikovsky inamalizika kwa kishindo kinachodanganya kila asiyeijua kazi, na ukumbi hulipuka. Kisha inakuja sehemu ya nne, ya huzuni, inayozama hadi kutoweka. Simfonia ya Tisa ya Mahler nayo huisha kwa kufifia. Katika kazi kama hizo kipimo ni mikono ya kiongozi wa okestra. Ikiwa bado iko juu, kazi haijaisha, hata kama hakuna sauti. Sekunde hizo, watu elfu kadhaa wakiwa hawapumui, ni sehemu ya tamasha kwa haki yake, na anayezivunja kwa kelele za pongezi huwanyang'anya wengine wote. Bahati mbaya, kila msimu huwa na mmoja.

Usiku ambao haukupangwa

Matamasha yanayosimuliwa miaka hamsini baadaye aghalabu hayakukumbukwa kwa ubora wa upigaji peke yake. Kitu kutoka nje kiliingia ukumbini, na muziki uliokuwa umechapwa kwenye ratiba miezi mingi kabla ukapata maana ambayo hakuna aliyeipanga.

Mfano mkubwa ni wa tarehe 21 Agosti 1968. Usiku wa kuamkia siku hiyo majeshi ya Muungano wa Kisovyeti na washirika wake yalikuwa yameingia Czechoslovakia. Jioni, kwenye Royal Albert Hall, iliyotangazwa ilikuwa Okestra ya Taifa ya Muungano wa Kisovyeti ikiongozwa na Evgeny Svetlanov, na Mstislav Rostropovich, Mrusi, alikuwa apige konseto ya selo ya Dvořák, Mcheki. Hakuna mtunga ratiba ambaye angeweza kubuni jambo hilo. Waandamanaji walikuwa nje, na ndani watu walipiga kelele za kulaani kabla okestra haijaanza. Kisha konseto ikaanza. Ni kazi iliyotungwa na mtu aliyekuwa mbali na kwao: Dvořák aliiandika New York, na baada ya kurudi nyumbani alibadilisha mwisho wake kwa kumkumbuka shemeji yake Josefina aliyekuwa amefariki, akiingiza humo mwangwi wa wimbo wake ambao shemeji huyo aliupenda. Rostropovich aliipiga machozi yakimtoka. Alipomaliza aliinua juu kitabu cha noti za Dvořák ili ukumbi wote ukione. Waliokuja kumzomea walimshangilia. Rekodi ya redio ya usiku huo ipo, na kelele za mwanzoni zinasikika wazi.

Anayetaka kujua kama konseto hiyo ingegusa watu vilevile mwaka mwingine hana pa kupimia. Lakini jambo moja ni dhahiri: walioijua kazi kabla ya kuingia ndio waliokuwa na nafasi ya kusikia kilichobadilika.

Mwaka 1974 kilichoingia kilikuwa joto. Katika Carmina Burana ya Orff, chini ya André Previn, mwimbaji Thomas Allen alianguka jukwaani. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mwimbaji kijana, Patrick McCarthy, aliyeijua sehemu hiyo. Alikwenda nyuma ya jukwaa, akajitolea, na akaimalizia kazi mbele ya ukumbi uliojaa.

Tarehe 15 Septemba 2001, siku nne baada ya mashambulizi ya New York na Washington, usiku wa kufunga msimu uliongozwa na Mmarekani, Leonard Slatkin. Shamrashamra zilipunguzwa, na Adagio ya Barber kwa ajili ya fidla na nduguze ikawekwa kwenye programu. Septemba 2022 watu walikuwa tayari wamefika kuisikia okestra ya Philadelphia habari za kifo cha Malkia Elizabeth II zilipotangazwa. Okestra ilipiga wimbo wa taifa na kipande cha Nimrod cha Elgar, kisha watu wakarudi makwao. Lilikuwa tamasha la dakika chache mno, na msimu wenyewe ulikatishwa hapo.

Si kila usiku wa aina hii ni wa huzuni. Agosti 2007 vijana wa okestra ya Simón Bolívar kutoka Venezuela, wakiongozwa na Gustavo Dudamel aliyekuwa na miaka 26, walipiga simfonia nzito ya Shostakovich kwa nguvu iliyowashtua wakosoaji, halafu wakavaa majaketi ya rangi za bendera yao na kucheza dansi huku wakipiga, wakizungusha ala hewani. Agosti 2017 ilikuwa zamu ya Chineke!, okestra iliyoanzishwa mwaka 2015 na mpiga besi Chi-chi Nwanoku ili kuwapa jukwaa wanamuziki weusi na wa jamii nyingine zisizoonekana sana kwenye okestra za Ulaya. Kwa Mwafrika anayeishi London, usiku huo ulikuwa na uzito usiohitaji kuelezwa. Na zamani zaidi, mwaka 1912, Wood alipiga kwa mara ya kwanza duniani Vipande Vitano vya Okestra vya Schoenberg na kuzomewa. Hata kuzomea ni kumbukumbu.

Mambo kama haya hayawezi kukatiwa tiketi. Kinachowezekana ni kwenda mara nyingi, na bei ya kusimama imewekwa kana kwamba kwa makusudi hayo. Mtu anayetumia fedha zake zote kwa kiti kimoja cha kifahari msimu mzima amepunguza nafasi yake ya kuwapo siku ambayo ratiba itapinduliwa.

Usiku wa mwisho

Usiku wa kufunga msimu ndio unaojulikana zaidi duniani kupitia televisheni: bendera, kofia za kuchekesha, puto, na ukumbi mzima ukiimba Land of Hope and Glory ya Elgar na Jerusalem ya Parry. Tiketi zake hugombewa sana, na wanaohudhuria matamasha mengine ya msimu wamekuwa wakipewa kipaumbele. Ni sherehe nzuri kwa anayependa sherehe. Kwa anayetafuta muziki, ni chaguo dhaifu la usiku wa kwanza. Nyimbo za utukufu wa dola ya Uingereza, kwa sikio lililotoka katika nchi zilizotawaliwa nayo, huweza kuleta ladha mbili kwa wakati mmoja, na mjadala kuhusu hilo hufufuka Uingereza kwenyewe kila baada ya miaka michache. Usiku wowote wa Agosti wenye simfonia moja kubwa humpa msikilizaji zaidi.

Baada ya tamasha

Kumbukumbu ya sauti hufifia upesi kuliko ya sura. Safari ya treni ya kurudi ndiyo wakati wa kuandika mistari michache: kazi zilizopigwa, nani alikuwa wapi jukwaani, sehemu moja iliyoshtua na sehemu moja iliyochosha. Kipande cha nyongeza, kile kinachopigwa baada ya makofi marefu, hakimo kwenye kitabu cha programu, na jina lake lisipoulizwa usiku huohuo kwa kawaida hupotea. Watu wa foleni hulijua. Rekodi ya kazi iliyopigwa isisikilizwe mara moja. Nyingi zimetengenezwa studio, zimesafishwa, na hufuta upesi kile ambacho sikio lilipata lenyewe. Baada ya siku kadhaa inafaa kuirudia, hasa pale palipochosha, kwa sababu mara nyingi ni miguu iliyokuwa imechoka, si muziki.